Hela ya Shule Haimo Kwenye Kodi ya Meza

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya kuandika matumizi ya kaya katika mitaa ya Temeke, jijini Dar es Salaam, nikiwa mdadisi wa tafiti za aina mbalimbali. Kuna wakati niliajiriwa kuwahoji watu kuhusu fedha wanazotumia kununua chakula, na kuna wakati nilibeba mizani na ubao wa kupimia urefu, nikipima watoto wa mitaa ile ile. Wenyeji walituita watu wa sensa hata katika miaka ambayo sensa haikuwepo, nasi hatukuona haja ya kuwasahihisha, kwa kuwa jina hilo lilifungua milango mingi kuliko barua ya utambulisho. Kazi hizo mbili zilikuwa na wakubwa tofauti, fomu tofauti na bajeti tofauti, hivyo hakuna aliyenitaka nizisome pamoja. Nilipoanza kuzisoma pamoja kwa udadisi wangu mwenyewe, niliona kwamba kiasi ambacho kaya inasema inatumia kwa chakula kilinisaidia kidogo sana kukisia uzito wa mtoto wa kaya hiyo, ilhali fedha ambazo kaya hiyo hiyo haizihesabu kuwa za chakula zilinisaidia sana.

Katika kaya nyingi nilizozihoji, chakula cha siku huanzia kwenye kodi ya meza, ile fedha ambayo baba, au yeyote anayeshika nafasi hiyo, huiacha asubuhi kabla ya kutoka. Mama huigawa papo hapo kati ya unga au mchele, mboga, nyanya na kitunguu, mafuta, kopo la mkaa, na ndoo za maji ikiwa bomba halitoi. Kwa kuwa fedha ni ya siku moja, manunuzi nayo ni ya siku moja, na karibu kila kitu hununuliwa kwa kupima: sukari robo, unga nusu kilo, mafuta kwa kipimo cha chini kabisa ambacho mwenye duka anakubali kumimina. Mnunuzi wa namna hii hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye kubeba mfuko mzima, na analijua hilo vizuri kuliko mchumi yeyote, ila fedha ya mfuko mzima haijawahi kukaa mkononi mwake kwa wakati mmoja. Kodi ya meza mama huikumbuka hadi shilingi ya mwisho. Nikimuuliza jana alinunua nini, hujibu bila kusita, na mara nyingi huongeza malalamiko yake kuhusu bei ya nyanya.

Ugumu huanza tunapofika kwenye ukurasa wa vyakula vilivyoliwa nje ya nyumba, ambao katika madodoso niliyoyatumia ulikaa karibu na mwisho. Mhojiwa hapo amekwisha kuchoka, maharage yanaungua jikoni, na mdadisi anaifikiria kaya inayofuata. Jibu la kawaida ni kwamba hakuna kilicholiwa nje. Mama mmoja wa Mbagala alinijibu hivyo huku mwanawe wa darasa la pili amesimama mlangoni na pakiti ya ubuyu mkononi, midomo imekuwa myekundu kwa rangi yake. Nilipomwangalia yule mtoto kisha nikamwangalia mama, alicheka na kusema, "Hiyo si hela ya chakula, kaka, hiyo ni hela ya shule." Hakuwa akinificha kitu. Katika hesabu zake hela ya shule ilikaa fungu moja na madaftari na nauli, na ilitoka mfuko tofauti: kodi ya meza ilitolewa na mumewe, hela ya shule ilitoka kwenye biashara yake ya maandazi.

Baada ya hapo nilijenga desturi ya kuomba ruhusa ya wazazi na kuwauliza watoto wenyewe, na nikagundua kwamba mtoto wa miaka saba ni mhojiwa bora kuliko watu wazima wengi. Hukumbuka alinunua nini, kwa nani, kwa bei gani, alimgawia nani na nani hakurudisha. Kwenye geti la shule kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili, maandazi, bagia, barafu za rangi, ubuyu, juisi ya unga iliyokorogwa kwenye ndoo, biskuti za pakiti ndogo, na kwa mwenye nazo, chipsi kwenye mfuko wa plastiki. Katika orodha hiyo ndefu ni nadra kukuta tunda, isipokuwa msimu wa embe, na embe nayo huliwa mbichi kwa chumvi na pilipili. Mtoto hupewa shilingi 500 kwa siku, au 1,000 kama nyumba ina uwezo, na fedha hiyo ni yake kwa maana kamili, kwa sababu hakuna mtu mzima anayeamua itanunua nini.

Ili kuelewa uzito wa shilingi hizo 500, inafaa kuziweka kando ya takwimu moja ya taifa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa chakula Tanzania Bara kuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, yaani shilingi 1,100 na kidogo kwa siku. Bei zimepanda tangu wakati huo, lakini hata ukikisia mstari huo kwa bei za leo, hela ya shule ya mtoto mmoja bado ni sehemu kubwa ya gharama ya kumlisha siku nzima, na mtoto huhitaji kidogo kuliko mtu mzima. Kaya yenye watoto watatu shuleni huachia shilingi 1,500 kila siku ya masomo bila fedha hizo kupita jikoni. Mama anayebishana na muuza mchicha kwa sababu ya shilingi 100 hajioni kuwa mtu mwenye bajeti ya aina hiyo.

Mstari huo wa umaskini, kama mingi ya aina yake, umejengwa juu ya kalori: kapu la vyakula vinavyoliwa na watu wenye kipato cha chini, likitosha kumpa mtu mzima kalori 2,200 kwa siku. Kwa kupima njaa, kipimo hicho kina mantiki. Kwa kupima ubora wa mlo hakisemi kitu, maana kalori ya sukari na kalori ya maharage huhesabiwa sawa. Chukua sukari ya shilingi 3,000 kwa kilo: shilingi 100 hukupa karibu kalori 130. Maharage ya bei hiyo hiyo hukupa kalori zinazokaribiana na hizo, pamoja na protini na madini ya chuma. Kwa mchicha, shilingi hizo 100 huwa hazikufikishi hata kwenye kalori 30. Kwenye karatasi, basi, maharage yangeishinda sukari bila ubishi. Lakini maharage yanataka kopo la mkaa, maji ya kutosha na mtu wa kukaa nayo kwa saa mbili au zaidi, wakati sukari inataka kijiko tu. Nimewahi kuwaona wataalamu wa lishe wakiwafundisha akina mama faida za maharage kana kwamba hawazijui, bila kuuliza mkaa umefika shilingi ngapi. Mama anayenunua chipsi au maandazi kwa ajili ya watoto ananunua pamoja na chakula hicho moto wa mtu mwingine, mafuta ya mtu mwingine na saa za mtu mwingine, na kwa hali yake hilo ni uamuzi wenye akili.

Kaya mbili zimebaki akilini mwangu kuliko nyingine. Ya kwanza ilikuwa Chang'ombe, baba akiwa dereva wa malori yanayokwenda Tunduma na mama akiwa na duka la vipodozi. Fedha haikuwa tatizo la kila siku. Mtoto wao wa miaka tisa alichukuliwa na basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla mtu yeyote hajaweza kula, kwa hiyo kifungua kinywa chake kilinunuliwa shuleni. Alirudi jioni akiwa amekaa garini kwa muda mrefu, na uwanja uliokuwa nyuma ya nyumba yao ulikuwa umejengwa fremu za maduka. Baba aliporudi safari alileta katoni za juisi na biskuti, kwa sababu mtu ambaye hayupo nyumbani wiki nzima hutafuta namna ya kuonekana kuwa alikuwepo. Nilipompima mtoto, uwiano wa uzito na urefu wake ulivuka kipimo cha juu zaidi kati ya viwili ambavyo Shirika la Afya Duniani hutumia kwa watoto wa miaka 5 hadi 19, yaani aliupita mpaka wa uzito uliozidi na kuingia kwenye unene uliokithiri. Mama yake aliniuliza kama mizani yangu ilikuwa nzima, nami nilimpima tena mbele yake.

Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel aliandika mwaka 1857 kwamba kadiri mapato ya familia yanavyoongezeka, ndivyo sehemu ya matumizi inayokwenda kwenye chakula inavyopungua. Kaya ya Chang'ombe ilitii kanuni hiyo barabara: sehemu ya chakula katika matumizi yake ilikuwa ndogo kuliko ya majirani wengi niliowahoji, na mtu anayesoma jedwali peke yake angesema familia hii imepumzika na suala la chakula. Kanuni ya Engel, hata hivyo, huhesabu fedha tu. Haioni kwamba sehemu iliyopungua ilikuwa imejaa juisi, na kwamba soda moja ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25.

Kaya ya pili ni ile ya Mbagala yenye biashara ya maandazi. Hapa mama mwenyewe alikuwa mnene, mtoto wa darasa la pili alikuwa na uzito wa kawaida, na mtoto mdogo, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alikuwa amedumaa. Watu hushangaa wakisikia hali hizo zimekaa chini ya paa moja, kana kwamba unene na udumavu ni wageni wa nyumba tofauti. Ukifuatilia matumizi hushangai. Mtoto mdogo alikula uji mwepesi wa sembe uliotiwa sukari, uliomjaza tumbo bila kumpa vya kutosha vya kujengea mwili, na mama alikula maandazi yaliyobaki pamoja na chai, kwa sababu kuyatupa ingekuwa kutupa mtaji. Mwaka 2022, utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa na asilimia 4 wana uzito uliozidi. Namba hii ya pili huwafanya watu wengi waliweke suala hili pembeni. Mimi naisoma kwa tahadhari, kwa kuwa inahusu watoto wadogo ambao bado wanalishwa nyumbani, na haiwagusi wale wa shule ya msingi ambao wameanza kubeba fedha zao wenyewe.

Duniani kwa jumla mwelekeo umekwisha kugeuka. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamewazidi wenye uzito pungufu, asilimia 9.4 dhidi ya asilimia 9.2, wakati mwaka 2000 wenye unene uliokithiri walikuwa asilimia 3 na wenye uzito pungufu walikaribia asilimia 13. Maeneo mawili tu hayajafikia mgeuko huo, yaani Asia Kusini na Afrika kusini mwa Sahara. Sisi tumo katika hilo la pili, na sidhani kama ni sababu ya kujipongeza, kwa sababu ninachokiona kwenye mageti ya shule za Temeke ni vyakula vile vile ambavyo vilizigeuza takwimu za kwingine.

Si kila nyumba hupokea habari hizi kama habari mbaya. Bibi mmoja mwenyeji wa Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, alikuwa akimlea mjukuu mnene kupita kiasi na akimwongezea siagi kwenye mkate kila asubuhi. Nilipomweleza matokeo ya vipimo, alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimezika waliokonda. Huyu aliyenenepa msinisumbue naye." Hakuna kipeperushi cha elimu ya lishe kilichowahi kuandikwa kwa kumfikiria mtu huyu. Kwa watu wa rika lake kukonda kulikuwa tangazo la msiba, na hata kadi ya kliniki tuliyoizoea, yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu, ilitufundisha kuogopa upande mmoja tu wa mizani. Sikubishana naye. Nilimuuliza tu siagi ile alikuwa akiinunua kwa fedha gani, naye akasema ni ile anayotumiwa kwa simu na binti yake aliyeko Mwanza, fedha ambayo haikuwa imeandikwa mahali popote kwenye dodoso langu chini ya kichwa cha chakula.

Mabadiliko niliyoyashuhudia kwa macho hayakutokana na mafundisho. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, michango ya chakula shuleni ni ya hiari na hutegemea makubaliano ya wazazi wenyewe. Katika shule moja ya msingi ninayoifahamu, kamati ya wazazi ilikaa kujadili utoro wa mchana, wala si uzito wa watoto, na mzazi mmoja akauliza swali ambalo mimi kama mdadisi nilipaswa kulipenda: kila mtoto anakuja na shilingi ngapi? Walipopita darasa kwa darasa na kujumlisha, walikuta kwamba fedha inayoingia getini kila siku mifukoni mwa watoto ingetosha kupika uji wa asubuhi na makande ya mchana kwa shule nzima, na chenji ikabaki. Fedha ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa imegawanyika katika sarafu mamia kwa mamia, kila moja ikiwa ndogo mno kununua kitu chochote isipokuwa sukari na kitu cha kukaanga.

Utekelezaji wake ulikuwa na mikwaruzano. Wapo wazazi waliosema hawawezi kulipa mchango wa wiki nzima kwa mara moja, ingawa waliweza kutoa shilingi 500 kila siku, na hapa tunarudi kwenye tatizo la fedha ya kupima. Kamati ikakubali mchango wa kila siku, ukipokewa na mwalimu wa zamu. Wapo wasioweza kabisa, na ubishi kuhusu kama watoto wao walishwe au la ulichukua vikao kadhaa kabla ya kuamuliwa kwamba walishwe. Wauzaji wa getini nao walikuja kikaoni, kwa kuwa wengi wao ni wazazi wa shule hiyo hiyo. Mmoja alisema wazi kwamba hela ya shule ya watoto wa wenzake ndiyo kodi ya meza ya watoto wake. Sijawahi kusikia mtu akilieleza suala hili kwa usahihi kuliko yeye, na ndiyo maana huwa nachoka ninaposikia ushauri wa kuwafukuza wauzaji kwenye mageti kana kwamba biashara hiyo haina mtu nyuma yake.

Kuhusu kodi ya serikali juu ya vinywaji vyenye sukari, ambayo Mexico iliianzisha mwaka 2014 na Afrika Kusini mwaka 2018, sina ugomvi nayo, na kwa nyumba kama ile ya Chang'ombe huenda ikawa na maana kubwa. Lakini kodi hukamata kinachotoka kiwandani. Ndoo ya juisi ya unga, kikaango cha mihogo na ubuyu uliopikwa uani kwa mtu haziguswi nayo, isipokuwa kupitia bei ya sukari yenyewe. Tuliiona bei hiyo ikifanya kazi mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika na kuvuka shilingi 4,000 kwa kilo katika maeneo mengi. Katika kaya nilizozitembelea kipindi hicho, chai ya nyumbani ndiyo iliyopunguziwa sukari kwanza, na hela ya shule haikuguswa.

Mama wa maandazi, ambaye mtoto wake alikuwa shule hiyo, sasa ni mmoja wa wapishi wanaolipwa na kamati, na anauza maandazi jioni tu, kwenye kibaraza cha nyumba yake. Muuza juisi ya unga aliihamishia ndoo yake kwenye kituo cha daladala, ambako watoto hao hao hupita wakirudi nyumbani, na baadhi ya wazazi bado huwapa shilingi 200 juu ya mchango. Kamati inajua, imeamua kuliacha hilo kwa sasa, na inashughulika zaidi na bei ya maharage, ambayo kabla ya mavuno hupanda kiasi kwamba mchango waliokubaliana hautoshi, na mara mbili imebidi makande yapikwe kwa mahindi mengi na maharage ya kuhesabu.